Sauti Iliyokaa Katikati

Mzee alisimama kusema wakati umeme umeshakatika. Ilikuwa jubilei ya miaka 50 ya ndoa yake, katika ukumbi mmoja wa Katuba, mjini Lubumbashi, watu wamejaa hadi mlangoni. Spika kubwa zilizokodiwa tangu asubuhi zilikuwa kimya, jenereta imekataa kuwaka, na watoto wake wakamsihi angoje kidogo. Hakungoja. Alikuwa mtu aliyeajiriwa na Union Minière akiwa kijana, akaendelea na kazi ileile baada ya serikali kuitaifisha kampuni hiyo na baadaye ikaitwa Gécamines, hadi mwaka 2003 alipoondoka pamoja na wenzake zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mtu wa namna hiyo amezoea kusema bila kipaza sauti. Aliinuka, akashika bega la mkewe, akaanza kutaja watu mmoja mmoja: baba yake, mjomba aliyemleta mjini kwa treni, jirani aliyewagawia unga mwaka ambao mshahara haukufika.

Kwenye kola ya koti lake kulikuwa na kimaikrofoni kidogo kisicho na waya. Mpiga video alikuwa amekibana pale mapema, kabla ya ibada, kisha akasahau hata kuwaambia watu kwamba kipo. Kamera ilikuwa na betri, kimaikrofoni kilikuwa na betri, na kukatika kwa umeme hakukuvigusa. Picha ilitoka safi. Sauti nayo ilirekodiwa safi, na hilo ndilo linalouma: ilirekodiwa vizuri ukumbini, ikaja kupotezwa mezani, mbele ya kompyuta.

Kisa hiki nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, ndiyo maana wahusika wake hawana majina. Makosa yaliyomo ni ya kweli. Ni makosa yaleyale yanayoweza kumpata kila anayepiga video za harusi, jubilei na kilio, awe Lubumbashi, Kolwezi au Bujumbura, na dawa yake haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kujua sauti iko wapi.

Kamera yenyewe ilikuwa Handycam ya Sony, ya mtumba. Kamera nyingi za aina hiyo hurekodi kwa mfumo wa AVCHD, ambao Sony na Panasonic waliutangaza mwaka 2006, na baadhi yake hurekodi sauti ya chaneli sita, ile inayoandikwa 5.1 ubavuni mwa kamera. Watu husoma namba hiyo kama sifa ya kuuzia bidhaa. Kumbe ni maelezo ya kazi. Chaneli tano ni za spika kamili: kushoto mbele, kulia mbele, katikati, kushoto nyuma, kulia nyuma. Ile .1 ni chaneli ya sabufa, inayobeba mngurumo wa chini tu, hadi karibu herzi 120, kwa hiyo haihesabiwi kuwa nzima. Pendekezo la kimataifa la BS.775, lililotolewa na shirika la ITU mwaka 1992, linasema hata spika zikae wapi: zile mbili za mbele nyuzi 30 kushoto na kulia kwa msikilizaji, za nyuma kwenye nyuzi 110 au karibu na hapo, na ya katikati mbele yake kabisa.

Mwaka huohuo wa 1992 filamu ya Batman Returns ilionyeshwa majumbani mwa sinema ikiwa na sauti ya kidijitali ya Dolby ya chaneli sita. Lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Disney walizungushia watazamaji spika tangu mwaka 1940, kwa filamu ya Fantasia. Na kwa nini kuwe na spika ya katikati? Kwa sababu ya mtu anayeketi pembeni. Kama maneno ya mwigizaji yanatoka kwenye spika za kushoto na kulia tu, aliyekaa karibu na ukuta wa kushoto atayasikia yakitoka ukutani. Spika moja ikiwekwa nyuma ya pazia, katikati, kila mtu husikia maneno yakitoka mdomoni mwa anayesema. Tangu hapo mafundi wa sinema wana mazoea ambayo ni karibu sheria: mazungumzo hukaa katikati, muziki hutanda kushoto na kulia, na nyuma kuna mvua, makofi na kelele za watu.

Kamera ya mpiga video wetu iliyafuata mazoea hayo bila kumwambia. Maikrofoni zake zenyewe zilijaza chaneli za mbele na za nyuma kwa sauti ya ukumbi. Kimaikrofoni cha kwenye kola kilipeleka sauti ya mzee moja kwa moja kwenye chaneli ya katikati. Hotuba yote, na majina yote, ilikaa katika chaneli moja kati ya sita. Kushoto na kulia kulikuwa na viti vinavyokwaruza sakafu, mtoto anayelia, akina mama wanaonong'ona jikoni, na kwa mbali sana, chini ya hayo yote, sauti ya mtu anayesema asiyeeleweka.

Siku iliyofuata alifungua kadi kwenye kompyuta, akaingiza mafaili katika programu yake ya kuhariria. Picha ilikuja, sauti haikuja. Hilo ni jambo la kawaida: sauti ya kamera hizo imefungwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana sauti, iitwayo AC-3, na si kila programu ina ruhusa au uwezo wa kuifungua. Badala ya kutafuta sababu, alipakua kigeuzi cha bure kwenye intaneti, kimoja kinachogeuza kila kitu kuwa MP4. Kiliuliza: chaneli ngapi? Akachagua mbili, maana ndivyo watu wanavyosikiliza. Uchaguzi huo haukuwa na kosa. Ila kigeuzi kile hakikuchanganya sita kuwa mbili. Kilichukua ya kwanza na ya pili, kikazitupa nne zilizobaki.

Hapa kuna njia mbili zinazofanana kwa nje na zisizofanana kabisa kwa ndani, na mtu anayefanya kazi hii lazima azitofautishe kabla ya kubonyeza. Ya kwanza ni kuchagua: kubaki na chaneli mbili na kuacha nyingine. Ya pili ni kuchanganya: kuzikunja zote ziingie katika mbili. Ukichanganya kwa kanuni ya ITU, upande mpya wa kushoto unapata kushoto ya zamani yote, unaongezewa ile ya katikati ikiwa imepunguzwa desibeli 3, na ile ya nyuma kushoto nayo ikiwa imepunguzwa desibeli 3. Upande wa kulia unafanywa vivyo hivyo. Katikati inaingia pande zote mbili, ndiyo maana inapunguzwa. Spika mbili zikisema kitu kimoja, nguvu yake hurudi ilipokuwa. Sabufa kwa kawaida huachwa nje, na hotuba haipungukiwi kitu. Kigeuzi kinachochanganya na kigeuzi kinachochagua vyote vinaandika neno moja kwenye kioo: stirio.

Angesikiliza hotuba peke yake angegundua papo hapo. Hakuisikiliza. Umeme wa shirika la SNEL ulikuwa umerudi usiku, na katika mitaa mingi ya Lubumbashi mtu anayehariri video hufanya kazi umeme unapomkuta, si anapotaka mwenyewe. Alivaa vipokea sauti vya masikioni, akasikiliza kwaya ilipoimba, ikajaa masikio yote mawili, akaridhika. Kwaya iko kushoto na kulia. Kwaya haikupoteza kitu. Alipofika kwenye hotuba alifanya kile ambacho wateja wengi hukipenda: aliweka muziki laini chini ya maneno. Muziki ule ulifunika pengo. Alimwona mzee anasema, akasikia kinanda kinalia, na macho yakamsaidia kuamini kwamba amesikia maneno. Jicho hudanganya sikio namna hiyo mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Kisha akafuta. Diski yake ilikuwa imejaa, Jumamosi kulikuwa na harusi katika komini ya Kenya, hapahapa mjini, na kadi ilihitajika. Mafaili ya MP4 yalikuwa madogo na mazuri. Ya asili aliyafuta kwenye diski, na kadi akaifomati ndani ya kamera.

Mtu asidhani nasema juu ya vitu vidogo. Mwaka 1973 na 1974 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa Lubumbashi, alikuwa akiketi na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu mbele ya kinasa sauti. Tshibumba alileta picha zake, zipatazo 100, zinazosimulia historia ya nchi tangu zamani, na kwa kila picha alieleza kwa Kiswahili cha huku kwetu alichokusudia. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitabu kilichotokana na mazungumzo yale kilitoka mwaka 1996, na kisingeweza kuandikwa kama mtu angekuwa amezifuta kanda ili arekodi kitu kingine juu yake. Tungebaki na picha zenye rangi nzuri na hakuna wa kutuambia yule aliyesimama kando ni nani. Nenda nyuma zaidi, mwaka 1952, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipofika Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi Jean-Bosco Mwenda na gitaa lake. Hakukuwa na chaneli sita wala mbili. Kulikuwa na moja, na bado tunasikia kila kidole kikigusa uzi, kwa sababu kilichorekodiwa kilitunzwa. Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika mwaka 1954, na hadi leo ipo Afrika Kusini.

Baada ya wiki mbili binti wa mzee alipiga simu kutoka Liège, Ubelgiji. Alikuwa ametumiwa video kwa WhatsApp.

"Yaya, njo nini hii? Papa anafungula kinywa, sauti haiko. Nasikia tu bantu banaongea, na muziki."

"Labda ni telefone yenu, mama."

"Hapana. Nimeangaria na mu televizio, njo vilevile."

Alifungua kazi yake, akazima muziki. Kelele za viti. Mtoto analia. Akapandisha sauti hadi mwisho, na kelele za viti zikapanda pamoja nayo. Mtu akifika hapa ndipo huanza kutafuta programu za kusafisha kelele, na kwa jambo hili hakuna itakayomsaidia, kwa sababu husafisha kilichopo. Maneno ya mzee hayakuwepo tena ndani ya faili. Sauti iliyotupwa pamoja na chaneli yake haijajificha mahali popote.

Familia ilimwomba mzee arudie. Aliwekwa kitini, uani, mchana wenye utulivu, na kamera mbele yake. Alisema vizuri, akashukuru, akambariki kila mtu. Lakini hakumtaja jirani wa unga, wala treni, wala mjomba. Walipomkumbusha alisema yale aliyasema siku ile. Nadhani kila mwenye wazee nyumbani ameshaliona jambo hili. Maneno ya namna hiyo yana siku yake na watu wake. Umati ulikuwepo, mkewe alikuwa amevaa kitenge kile, giza lilikuwa limeingia. Huwezi kuyaagiza upya kama unavyoagiza picha ya pasipoti.

Kilichobaki kilikuwa kadi. Kufomati kwa haraka ndani ya kamera hakufuti picha zenyewe. Hufuta orodha inayosema kila faili limeanzia wapi. Data hubaki palepale hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Mtu akigundua kosa lake na kuitoa kadi palepale, bila kurekodi hata dakika moja zaidi, ana nafasi kubwa ya kurudisha kila kitu kwa programu za kuokolea mafaili. Huyu alikuwa ameshapiga harusi nzima ya Jumamosi juu ya kadi ileile. Rafiki yake wa Likasi, mwenye kompyuta nzuri na subira, aliikagua kadi usiku kucha akaokoa kipande: mwanzo wa hotuba ulikuwa umekwenda, sehemu ya mwisho ikapatikana. Akaifungua ile AC-3, akamtumia mafaili sita ya WAV, yenye majina mafupi kabisa: 1, 2, 3, 4, 5, 6.

Mpiga video alikuwa sasa amesoma. Alijua kuna chaneli sita na alijua mpangilio wake, ule unaotumika katika mafaili ya WAV: kushoto, kulia, katikati, sabufa, nyuma kushoto, nyuma kulia. Akayapanga mafaili kwa namba hizo, akachanganya kwa kanuni, desibeli 3 hapa na desibeli 3 pale, akabonyeza. Mzee alisikika! Lakini alisikika sikio la kulia tu, kana kwamba amesimama dirishani. Kelele za upande mmoja wa ukumbi zilikuwa zimekuja mbele, katikati kabisa, zinamkaba. Na nyuma kulikuwa na mngurumo mzito usio na maana.

Sababu ni kwamba hakuna mpangilio mmoja duniani. AC-3 kwa ndani huzipanga chaneli zake kama wanavyozipanga watu wa filamu: kushoto, katikati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, sabufa. Kodeki ya AAC huanza na katikati, ndipo kushoto na kulia. Programu nzuri hulijua hilo na kupanga upya yenyewe, mradi faili ni moja na lina maelezo yake. Likishavunjwa kuwa mafaili sita yenye namba tupu, maelezo yamekwisha, na chaneli zinakuwa kama abiria waliopewa namba za viti vya basi lingine. Fuata kilichotokea: faili la 2 lilikuwa katikati, yeye akaliita kulia, kwa hiyo mzee akaenda sikio la kulia. Faili la 3 lilikuwa kulia, akaliita katikati, kelele zikaja mbele. La 4 lilikuwa nyuma kushoto, akaliita sabufa, na kwa kuwa sabufa huachwa nje, sauti za nyuma upande wa kushoto zilitoweka zote. La 5 lilihama kutoka nyuma kulia kwenda nyuma kushoto. La 6, sabufa yenyewe, liliingia kama nyuma kulia na kuleta ule mngurumo. Kosa moja la mpangilio liliharibu chaneli tano kati ya sita, na kila moja kwa namna yake.

Dawa ni kufungua kila faili peke yake na kulisikiliza kabla ya kulipa jina. Sabufa hujulikana upesi: haina maneno, haina herufi, ni mtetemo tu au ukimya. Katikati hujulikana kwa mtu anayesema karibu. Mbili za nyuma ni hafifu na zina mwangwi wa ukuta. Kushoto na kulia ndizo ngumu, kwa sababu zinafanana, na hapo utahitaji picha: tafuta mahali ambapo mtu wa upande wa kushoto wa kamera anacheka au anagonga meza, uangalie ni faili gani linaruka. Kuna njia nyepesi zaidi, na haigharimu chochote. Kabla shughuli haijaanza, washa kamera, simama kushoto kwake upige kofi moja na kusema "kushoto", kisha kulia, kisha mbele, kisha nyuma. Sema pia neno moja ndani ya kimaikrofoni. Miaka kumi baadaye, hata mtu asiyekujua ataweza kuzipanga chaneli zako kwa kusikiliza makofi hayo manne na neno lile.

Alipanga upya, akachanganya upya. Sasa mzee alikuwa katikati, anaeleweka, lakini video nzima ilikuwa chini kuliko nyimbo na video nyingine kwenye simu. Hilo nalo huwatisha watu bure. Chaneli tatu zikijumlishwa upande mmoja kwa kanuni ile, jumla inaweza kufika mara 2.4 ya moja, karibu desibeli 7.7 zaidi, na sauti ya kidijitali ikivuka kiwango chake cha juu hupasuka. Ndiyo maana programu nyingi hushusha kila kitu mapema kwa kiasi hicho. Pandisha baada ya kuchanganya, kwa kuangalia kipimo cha ukubwa wa sauti. Vituo vya televisheni vya Ulaya hutumia kiwango cha LUFS 23 chini ya sifuri, na kwa video za simu watu huenda juu zaidi ya hapo. Na kwa kuwa alikuwa na mzee katika chaneli yake mwenyewe, alifanya jambo ambalo kanuni haikumlazimisha: alipunguza za nyuma kuliko desibeli 3, na katikati akaiacha na nguvu zaidi. Kanuni ya ITU imewekwa kwa ajili ya filamu iliyochanganywa studio. Hotuba ya mzee katika ukumbi wa Katuba ina haki ya kupewa nafasi kubwa zaidi.

Jaribio la mwisho linalosahauliwa na wengi ni la spika moja. Simu nyingi za bei nafuu zina spika moja, na miksa za kumbi na parokia nyingi hujumlisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja kabla ya kupeleka kwenye spika. Kuna namna ya kuchanganya, ile iliyotokana na sinema za miaka ya 1970, ambapo sauti za nyuma huingizwa kushoto na kulia zikiwa zimegeuziana mawimbi ili mashine maalumu iweze kuzitoa tena. Kwenye stirio husikika vizuri, hata huleta upana wa kupendeza. Zikijumlishwa kuwa moja, wimbi la juu hukutana na wimbi la chini, yakauana, na makofi ya ukumbi mzima yakafifia. Ukikuta kigeuzi kinakuuliza kama unataka stirio ya kawaida au ile inayoweza kurudishwa kuwa ya kuzunguka, na watazamaji wako wana simu, chagua ya kawaida. Kisha sikiliza kwa simu yenyewe, ukiwa umeiweka mezani, mbali kidogo, na mtu anapiga gumzo kando, maana hivyo ndivyo video hiyo itakavyosikilizwa.

Nasisitiza hili kwa sababu kazi za mji huu sasa zinakwenda mbali. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi, alishinda tuzo mjini Cannes mwaka 2023 kwa filamu yake Augure. Watengenezaji wa katuni Frank Mukunday na Tétshim wa hapahapa walitoa filamu yao Machini mwaka 2019. Chama cha wasanii kiitwacho Picha kimekuwa kikiandaa maonyesho yake ya kila baada ya miaka miwili tangu 2008. Kijana anayepiga harusi leo anaweza kuombwa filamu kesho, na atakapoombwa, ukumbi wa sinema utataka chaneli sita za herzi 48,000, televisheni itataka mbili, mara nyingi zote ndani ya faili moja, sita za kwanza za kuzunguka na ya saba na ya nane za stirio. Hapo mtu asiyejua ya tatu ni nani hapewi nafasi ya pili. Na mteja wa jubilei naye anastahili uangalifu uleule, tena zaidi, kwa sababu filamu inaweza kurudiwa kupigwa.

Familia ilipata toleo jipya. Sehemu ya mwisho ya hotuba ilitoka katika kile kipande kilichookolewa, safi kabisa, mpaka pumzi zinasikika. Kwa mwanzo, mpwa mmoja alikuwa amerekodi kwa simu yake, amesimama karibu na mlango, sauti ya chaneli moja, yenye kelele. Mpiga video aliilinganisha na picha kwa kufuata midomo na kwa kufuata mtoto aliyelia, ambaye alisikika kwenye rekodi zote mbili na akawa alama ya kuziunganisha. Treni ilipatikana, mjomba pia. Jirani wa unga alipatikana nusu: jina lake lilimezwa na kiti.

Hakudai malipo ya pili. Alinunua diski ya pili, na tangu siku ile kadi haifomatiwi mpaka mafaili ya asili yawe kwenye diski zote mbili na mteja awe ameshasikiliza kazi yake mwanzo hadi mwisho. Binti wa Liège aliomba atumiwe pia faili la simu lisiloguswa, pamoja na yale sita, kwa sababu mwanawe anasomea mambo ya sauti na huenda siku moja akafanya vizuri zaidi. Alipelekewa yote kwa mkono wa mtu aliyekuwa akisafiri, na ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi: 1 kushoto, 2 katikati, 3 kulia, 4 nyuma kushoto, 5 nyuma kulia, 6 sabufa, papa yuko kwenye 2.